Jiwe Lililokula Mawimbi

Wimbi la kumi na mbili halikufika. Sefania alikuwa amepiga magoti kwenye nguzo ya saba, penseli sikioni, akiliangalia linavyokuja kutoka upande wa pili wa hodhi. Liliondoka vizuri. Nguzo ya kwanza lilipita likiwa na inchi sita, ya pili sita, ya tatu tano na nusu, likaanza kupanda mteremko wa mchanga kama wenzake kumi na moja waliotangulia. Lilipofika penye mawe likatoweka. Halikuvunjika, halikutoa povu, halikurudi nyuma. Maji yaliyokuwa mbele yake yalitulia kama chai iliyosahauliwa kikombeni. Sefania akaandika sufuri, akadhani ni macho yake.

Mwaka ulikuwa wa hamsini na moja, na hodhi lenyewe lilikuwa ndani ya ghala huko Same, hatua mia moja tu kutoka stesheni ya reli. Watu wa Same walicheka, na mimi siwalaumu. Mji ambao maji ya kunywa yaliletwa kwa punda, halafu anakuja Mzungu kutengeneza bahari! Lakini Serikali ilitaka kujenga gati huko pwani, mawimbi yalikuwa yanaula ukingo, na maghala yote ya pwani yalijaa katani. Basi Mzungu yule akapewa ghala la jeshi lililobaki tupu tangu vita viishe. Jina lake lilikuwa gumu, wakamwita Bwana Wimbi, na yeye akalipenda.

Hodhi alilitengeneza Sefania, fundi seremala wa Vudee, Mpare wa milimani ambaye bahari hajaiona na wala hakuona haya kulisema. Lilikuwa la mbao zilizopakwa lami, refu futi mia na ishirini. Mwisho mmoja palifungwa ubao mkubwa wenye bawaba na mpini, na aliyeusukuma na kuuvuta ili kuamsha mawimbi alikuwa Yusto, kijeba aliyewahi kukata katani miaka sita bila kuugua hata mafua. Mwisho wa pili ulikuwa mteremko wa mchanga ulioletwa kwa behewa kutoka pwani, na juu ya mchanga mawe ya matumbawe yaliyong'olewa kwa baruti kwenye mwamba wa mlango wa ghuba.

Bwana Wimbi alikuwa anatafuta kitu kimoja: wimbi linapokaribia nchi kavu, nguvu yake inakwenda wapi? Alieleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kwamba wimbi likifika kwenye maji haba miguu yake hukwama chini, kichwa kinaendelea mbele, ndipo linajikwaa na kuanguka. Nguvu nyingine husuguliwa na mchanga, nyingine hukatwakatwa na mawe, nyingine huishia kwenye povu na kelele. Daftari lake lilikuwa na safu ya kila moja. Safu ya mwisho, ya nguvu isiyojulikana ilikokwenda, aliichora nyembamba kwa sababu hakutegemea kuandika mengi humo. Baada ya wiki mbili safu ile ilikuwa inameza nusu ya hesabu.

Ndipo ilipoanza harufu. Wafanyakazi walisema ni samaki wa ziwa Jipe aliyeozea mahali, wakapekua ghala zima wasimpate. Aliyeijua alikuwa Isihaka, mpishi wa Bwana Wimbi, mtu wa pwani aliyekwisha kuwa na mvi na maneno machache. Alisimama mlangoni na sinia la chai, akanusa, asiingie. Alimwambia Sefania kwa sauti ya chini kwamba ile ni harufu ya maji yaliyokupwa, na kwamba pale mlango wa ghuba wavuvi hawapiti bila kutupa chochote kwenye ule mwamba, maana una mwenyewe. Bwana wake aliupiga baruti bila hata kubisha hodi.

Sefania alikuwa Mlutheri wa kubatizwa utotoni, baba yake alikuwa mzee wa kanisa, na habari za majini ya pwani alizihesabu pamoja na kanzu na tambuu: vitu vya watu wengine. Akacheka kwa heshima. Hata mikono ya Yusto ilipoanza kulegea, akawa anashindwa kuinua mpini saa sita mchana, Sefania alisema ni homa. Yusto mwenyewe hakuwa na homa. Alikaa chini akiitazama mikono yake kama mtu aliyeiazima.

Sasa hapa ndipo Sefania alipofanya kosa, na ni kosa ambalo mtu wa pwani asingelifanya hata angelewa. Mpare anafuga ng'ombe zizini, anamkatia majani, anamletea maji, na akipata kipande cha chumvi ya kulamba anamkumbuka ng'ombe wake kabla hajajikumbuka yeye. Jumamosi moja, akiwa anapanga mawe, Sefania alilamba kidole akakuta chumvi. Akachagua jiwe moja la ukubwa wa kichwa cha mbuzi, lililojaa vitundu, akalitia kwenye gunia, akapanda nalo mlima hadi Vudee. Lilikuwa jepesi, akafika bila hata kupumzika njiani. Mkewe Dorkas akafurahi. Binti yao Lea, wa miaka tisa, ndiye aliyelifunga kwa kamba zizini, kwa kuwa ng'ombe alikuwa wake kuanzia majani mpaka jina.

Jumatatu Sefania aliporudi Same, mawimbi yalikuwa yanafika. Kila moja lilijikwaa, likaanguka, likapiga mawe kwa kelele za kupendeza. Yusto alisukuma ubao asubuhi mpaka jioni akiimba. Safu nyembamba ya daftari ikarudi kuwa nyembamba, na Bwana Wimbi, ambaye hakuwa mtu wa kushikana mikono na mafundi, alimshika Sefania mkono. Harufu nayo ikawa imekwisha. Isihaka peke yake hakufurahi. Aliyahesabu mawe mara mbili, halafu akamwuliza kila mtu moja limekwenda wapi. Sefania akajifanya anaziba ufa wa hodhi. Angesemaje mbele ya Bwana kwamba amechukua mali ya Serikali kumlambisha ng'ombe?

Wiki tatu zikapita hakupewa ruhusa ya kwenda nyumbani, kwa sababu kazi ilikuwa imechangamka. Wiki ya nne Dorkas alimtumia habari kwa mama mmoja aliyeshuka sokoni: njoo, mtoto hayuko sawa.

Alifika mchana, jua la utosi, na jambo la kwanza alilolikuta ni ukimya. Alimwona mwanamke wa jirani akitwanga, mchi ukipanda na kushuka, na hakusikia kitu. Nyumba yake ilikuwa chini kidogo ya kanisa. Alipogeuka aliona kengele ya saa sita ikiyumba kule juu, akaiona dhahiri kamba ikivutwa, na mlio haukufika. Kiangazi kilikuwa kimeukausha mlima wote, lakini ukuta wa zizi lake ulikuwa unavuja unyevu, na mle ndani mlitoka ile harufu ya Same, sasa nzito, ikilala kwenye majani, kwenye blanketi, kwenye sufuria ya makande.

Ng'ombe alikuwa amelala ubavu, macho wazi, mzima na hawezi kuinuka. Jiwe lilining'inia palepale. Mwezi mzima ulimi wa ng'ombe ulikuwa umelipitia, nalo halikupungua hata ukucha.

Lea alikuwa kitandani. Hakukonda, hakuwa na joto. Alifungua kinywa kumwamkia baba yake, midomo ikasema shikamoo, sauti haikutoka nje ya meno. Sefania alimwinua mkono, akauachia, na mkono haukuanguka kama mikono inavyoanguka. Ulishuka polepole mno, kana kwamba hata uzito wenyewe ulikuwa umechukuliwa, na hapo ndipo hofu ilipomshika fundi yule, hofu ya kweli, maana miezi mitatu alikuwa amepiga magoti kwenye nguzo ya saba akitazama kitu kinachokuja na nguvu kikipungua, kikipungua, kikipungua mpaka sufuri, na sasa alikuwa anakitazama kwa mtoto wake wa pekee na alijua nguzo ngapi zimebaki.

Dorkas alisema wazee wa kanisa walikuja kuomba, wakaimba, nyimbo zikawafia midomoni, wakaondoka bila kuaga. Alilia bila kelele. Sefania akamweleza habari ya mwamba na baruti, na jinsi mawimbi yalivyopona siku alipoliondoa jiwe.

"Basi liondoe, Baba Lea," Dorkas alinong'ona. "Ulilileta wewe. Liondoe."

Aliikata kamba, akalikumbatia jiwe, akatoka nalo. Hatua kumi za kwanza zilikuwa hatua. Kumi za pili alizivuta. Alipofika kwenye mgomba wa mwisho wa uwanja wake, miguu ilikuwa inakwenda na yeye haendi, moyo unapiga na damu haifiki, akaanguka kwa upole wa kutisha, na jiwe likakaa kifuani pake likiwa la baridi na la maji. Dorkas alilivingirisha kwa mti mrefu likarudi karibu na zizi, na alipoutupa mti huo mikono yake ilikuwa imelegea kama ya ajuza.

Sefania alishuka Same kumfuata Isihaka na kumwambia yote. Mzee yule hakumlaumu. Alimwomba Bwana ruhusa ya msiba, akapanda mlima na ubani ndani ya kitambaa, akipumua kwa shida, maana hakuzoea kupanda.

Alifukiza saa saba mchana, milango wazi, jua limejaa ndani. Moshi ulitoka kwenye kigae ukainuka, ulipofika juu ya kitanda cha Lea ukasimama. Haukutawanyika. Dorkas alishika Biblia kwa mikono miwili na hakuna aliyemwambia aiweke. Isihaka akauliza kwa adabu, kama anavyoulizwa mgeni aliyekuja na mwenyeji hajui shida yake, wewe ni nani na nani kakuleta.

Sauti ilitoka kwa Lea, na ilikuwa ya kwanza kusikika vizuri ndani ya nyumba ile kwa mwezi mzima. Ilikuwa nene, ya taratibu, na haikuwa na hasira hata kidogo.

"Kanileta mwenye nyumba. Kanibeba mgongoni."

"Unataka nini?"

"Nilikuwa nakula mkia wa bahari nzima. Mkanitia kwenye sanduku, mkanipa inchi sita." Kifua cha Lea hakikupanda wala kushuka. "Kila kinachokuja, kwangu ndipo kinapoishia. Na huyu anakuja vizuri. Anakua."

Sefania alipiga magoti akasema nichukue mimi. Lea alimgeuzia macho ambayo hayakuwa yake.

"Wewe ulishavunjika zamani," sauti ikamwambia.

Kisha moshi ukaanguka chini wote kwa mara moja, na mtoto akawa amelala kama mwanzo, ila sasa hata kope zake zilichukua muda mrefu kufumba.

Walikaa nje, watu wazima watatu, wakisemezana kwa kunong'ona na bado wakishindwa kusikizana. Isihaka aliuliza ilikuwaje Sefania akaweza kulibeba mara ya kwanza, mlima wote ule. Sefania akafikiri. Siku ile jiwe lilikuwa limetoka kwenye hodhi, limekula mawimbi ya wiki nzima pamoja na mikono ya Yusto. Lilikuwa limeshiba. Basi dawa ikawa wazi: lishibishwe tena, na likishiba libebwe mpaka stesheni, litiwe kwenye treni, lirudishwe baharini. Lakini juu ya mlima mkavu, mwezi wa Septemba, utapata wapi maji yanayokuja kwa nguvu?

Kila mtu wa Vudee angejibu swali hilo, na ndiyo maana hawakulitamka. Hatua hamsini chini ya nyumba ya Sefania palikuwa na ndiva, bwawa la udongo na mawe walilolijenga mababu. Linajaa usiku kucha kutoka kwenye kijito, asubuhi mzee Eliezeri, mwangalizi wake, anazibua kizibo, na maji yanateremka mferejini kwenda kwenye mashamba kwa zamu, nyumba kwa nyumba. Kiangazi kile maharage ya kijiji kizima yalikuwa yanaishi kwa ndiva. Kulizibua nje ya zamu ilikuwa zaidi ya wizi. Mwizi hutozwa mbuzi yakaisha. Aliyezibua ndiva aliamkiwa na watu mpaka anakufa, lakini hakuna aliyemfungulia mlango.

Walingoja Jumapili, watu wote wakiwa kanisani. Sefania na Dorkas walilisukuma jiwe kwa miti mirefu, wakibadilishana kila hatua chache, likashuka mteremko likijivingirisha. Kutoka kanisani walionekana watu kupitia madirishani wakiwa wamesimama, vinywa wazi, wanaimba, na huku bondeni hakikufika hata kipande cha wimbo. Waliliweka jiwe mferejini, chini kidogo ya tundu la ndiva. Isihaka alibaki na Lea. Sefania akashika mpini wa kizibo kwa mikono yake ya useremala, akamwomba Mungu amsamehe, na kijiji kimsamehe, na akavuta.

Maji yalitoka yakiunguruma. Ndiva lilikuwa limejaa mpaka ukingoni, maji ya usiku mzima, na yalishuka kwa wingi ambao ungembeba ng'ombe, kahawia, yamechanganyika na majani na mawe madogo, yakalifikia jiwe, na Sefania, ambaye alikuwa ametazama mawimbi elfu kadhaa yakifa, hakuwa amewahi kuona kifo kama kile, kwa sababu maji yalipopita juu ya jiwe hayakurudi, hayakumwagika pembeni, hayakurukia juu, bali yaliendelea hatua tano sita kwa kujikokota na kisha yakasimama, yakasimama kwenye mteremko, mlima umeinama na maji hayainami, marefu kama kitambaa kilichoanikwa juu ya majani, na nyuma yake mengine yakaja yakasimama juu ya yale ya kwanza, mpaka ndiva likabaki tope na mteremko mzima ukawa na ngozi ya maji yasiyokwenda popote.

Kutoka nyumbani juu akamsikia Lea akiita. Alimwita mama yake kwa sauti kali ya mtoto aliyeamka na njaa, na sauti ilifika. Dorkas alikimbia akipanda, amepoteza kiatu. Hapohapo wimbo wa kanisani nao ukafika, ubeti wa mwisho, na watu mia mbili wakaitikia amina.

Sefania alijitupa mferejini kuchukua jiwe kabla halijasikia njaa. Alipapasa ndani ya maji yaliyosimama, akalipata, akalikumbatia ili alinyanyue, na mikono yake haikukutana upande wa pili. Akasogea, akapapasa tena. Vitundu vile vile, makali yale yale, hatua moja, hatua mbili. Aliingia mpaka ndani ya ndiva lenyewe, akafukua tope kwa kucha. Chini ya tope, mahali mababu walipotandaza udongo wa mfinyanzi, palikuwa mwamba wa bahari kutoka ukingo hadi ukingo, na ulikuwa na maji ya baridi yakipumua kwenye vitundu vyake.

Siku tatu Lea alikula, akacheza, akamkatia ng'ombe majani. Siku ya nne alidondosha kikombe, na kikombe kilishuka polepole.

Kijiji kiliamua kesi ya Sefania kwa utaratibu na bila matusi. Mzee Eliezeri alitembea kwenye mteremko akaona maji yaliyolala pale wiki nzima bila kunywewa na ardhi, akavua kofia, akasema ndiva lile liachwe, litachimbwa jingine juu zaidi, na Sefania asipewe zamu. Maharage ya mwaka ule yalikauka. Watu walimwamkia, naye akaitikia. Isihaka alirudi pwani na hakupika tena kwa Mzungu yeyote. Bwana Wimbi alimaliza kazi yake, akaandika taarifa nzuri yenye michoro, kwamba nguvu yote ya mawimbi imepatikana ilikokwenda, akaondoka kwa treni ya asubuhi. Mbao za hodhi akamwachia fundi.

Sefania alizipandisha Vudee moja moja kwa punda. Kwenye ukingo wa lile ndiva lililoachwa, ambalo kijito kiliendelea kulijaza, alifunga ubao wenye bawaba, akauwekea mpini. Kuanzia siku ile alisukuma na kuvuta kila siku iliyokuja, mawimbi yakienda kuliwa, asubuhi mpaka jua la utosi, na saa nyingine baada ya hapo. Alijua kipimo. Mawimbi mia sita kwa siku, Lea alikuwa mzima. Mia tano, alichoka. Akamwambia binti yake kwamba ile ni kazi ya Serikali, na asikanyage kule bondeni.

Lea akakua. Alisoma shule ya misheni, akarefuka kumpita mama yake, akacheka kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. Sefania alipofikisha miaka hamsini alionekana wa themanini. Alitembea kwa kushika ukuta, na mikono yake ilikuwa inamwuma usiku na mchana. Lakini kila asubuhi alikwenda, na kila jioni alimwangalia binti yake akila, akaona ilikuwa haki. Mwaka ule wa mwisho alishangaa kwamba mikono imekwisha kabisa, hata mia mbili hazitimii, na mtoto bado ana nguvu. Alimshukuru Mungu. Alidhani kiumbe kile kimezeeka kama yeye.

Jioni moja alipolala mapema, Lea alimletea maji ya kunawa. Alimshika baba yake mikono, akaiosha taratibu, kidole kwa kidole, na Sefania alihisi kitu kigumu kikimkwaruza. Akavigeuza nyuma mbele vile viganja vya msichana wa miaka kumi na minane.

Vilikuwa na sugu, mstari mmoja chini ya vidole, mahali mpini unapokaa. Nyingine zilikuwa za zamani.

"Tangu lini?" akamwuliza.

Lea aliendelea kumwosha. "Lala, baba," akasema. "Mia sita za leo zimekwisha."